Nilinyanyua pua ya pikapu nikamfuate mama mkwe, nilipofika akashindwa kupanda

Wakuu, poleni na majukumu. Nawasalimu kutoka Kasulu, ambako mvua za msimu huu zimetufanya tusahau viatu vyetu vilikuwa na rangi gani.

Nitakayoyasimulia hapa si chai. Mke wangu naye ni member humu, anasoma kimya kimya bila kuchangia, na nikitia chumvi hata punje moja atanisuta mbele yenu wote. Kwa hiyo mtapata ukweli mtupu, pamoja na ule unaonitia aibu.

Baadhi yenu mnakumbuka niliwahi kuuliza humu namna ya kunyanyua pikapu kwa mbele. Wengine mlinijibu vizuri, wengine mlinitukana vizuri. Huu ndio mrejesho.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni mtu wa Pangani. Biashara ndiyo iliyonileta huku, nikafungua duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, nikaoa Muha, nikabaki. Mke wangu anaitwa Esta. Kwao ni kijijini, ukishaipita Kitanga unaendelea tena na milima mpaka uanze kujiuliza kama umepotea.

Sasa, mama yake Esta alikuwa anapoteza macho.

Mtoto wa jicho, pande zote mbili. La kushoto lilishaondoka zamani, la kulia likabaki linaona ukungu tu. Tulijua hali ni mbaya siku alipoingia kupalilia maharage, akang'oa maharage na kuacha majani. Aliyegundua ni Bukuru, shemeji yangu, kaka yake Esta anayeishi pale nyumbani. Hakumwambia mama kitu. Alikwenda akapanda upya kimya kimya.

Lakini mama alijua. Tangu siku ile hakushika jembe tena. Mwanamke aliyelima tangu utoto wake, sasa anashinda barazani akisikiliza wenzake wakienda shambani na kurudi. Iliniuma sana, wakuu.

Ndipo tukasikia madaktari wa macho wamekuja hospitalini hapa mjini, wanafanya upasuaji bure, lakini hawakai. Ijumaa wanafunga virago. Watarudi lini, hakuna anayejua.

Nikawasha gari siku hiyo hiyo.

Sikufika.

Barabara ya kule, wakati wa mvua malori ya mazao huchimba njia mbili za matairi na katikati linabaki tuta. Na pikapu yangu kwa nyuma imeongezewa jani la springi kwa ajili ya kubeba saruji na mabati. Nyuma imeinuka, mbele imeinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Tuta likalikamata tumbo, matairi yakabaki yanazunguka hewani. Wanakijiji wakanivuta kwa kamba, nikageuza.

Bukuru akanipigia simu jioni. "Shemeji, mama amekaa barazani tangu asubuhi. Amevaa kitenge chake cha kanisani na viatu. Kula hataki, anasema mtakuja mumkute bado ana sahani mkononi."

Nilimwambia tu kesho kutwa nitafika, potelea mbali.

Dawa ilikuwa kunyanyua gari kwa mbele, lakini fundi wangu alikuwa Kibondo kwenye msiba. Mafundi wengine niliowauliza waliniambia niache gari, watalitazama wiki ijayo. Nikaona basi, nitafanya mwenyewe nyumbani.

Kwa wasiojua: pikapu nyingi za aina yangu kwa mbele hazina springi za kuzunguka. Zina torsion bar. Ni chuma kirefu kama mpini, kimoja kila upande. Kichwa chake cha mbele kimeshika mkono wa tairi, kichwa cha nyuma kimeshikwa kwenye chasisi na bolti ndefu yenye nati. Ukikaza ile nati, kile chuma kinajisokota zaidi, kama unavyokamua nguo, na pua ya gari inapanda. Ukilegeza, inashuka. Siri yote ni hiyo.

Nikaweka gari kwenye sakafu ya sementi mbele ya stoo, maana pasipo na usawa utapima uongo. Nikapima nafasi kati ya tairi na ukingo wa bodi kwa vidole, kulia na kushoto. Nikapiga jeki mpaka matairi ya mbele yakaning'inia, nikaweka magogo mazito chini ya chasisi. Wakuu, jeki peke yake usiiamini hata ikuapie. Mnatuona tumelala chini ya gari tunapiga mluzi, lakini kila mluzi una dua ndani yake.

Nati zilikuwa zimeshikwa na kutu. Nikazipiga brashi ya waya, nikazimwagia mafuta, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, spana na bomba la maji la kurefushia mpini, bismillah, zikaachia.

Esta alikuwa amechuchumaa pembeni akinihesabia mizunguko, ili kulia na kushoto ziende sawa. Tukikaza kidogo, tunashusha gari, tunalisukuma mbele na nyuma likae vizuri, tunapima. Tukafika mahali pua ikalingana na mkia. Mbele ilikuwa imeongezeka vidole viwili hivi.

Esta akasema, "Baba Rehema, imetosha. Sasa linaangalia mbele kama magari ya watu."

Nikamwambia bado kidogo.

Wanaume wenzangu mnaelewa. Nati ikishakubali ina utamu wake. Nikaongeza. Nikaongeza tena. Nikafika vidole vinne, gari limenyanyua pua kama linasikia harufu ya pilau kwa jirani. Na zile ngazi za pembeni za kukanyagia nikazifungua nikaziegemeza ukutani, kwa sababu safari ya kwanza zilikuwa zinakwangua matope. Nikasimama mbali kidogo nikalitazama. Lilipendeza, siwezi kusema uongo.

Esta alitikisa kichwa, akaenda kuandaa nguo za hospitali za mama yake.

Alhamisi asubuhi tukaondoka.

Tuta lile lililonikamata nililipita bila kuligusa. Nilipiga honi kwa furaha, nyikani, bila mtu wa kumpigia. Ila kila shimo tulilotumbukia, kwa mbele kulisikika "ko!", chuma kwa chuma, mpaka meno yanagongana. Esta alishika dashibodi kwa mikono miwili na hakusema kitu. Ukimya wa mke, wakuu, nao ni ujumbe.

Tulifika. Majirani wakatoka, maana gari pale si jambo la kila siku. Nikachuchumaa mbali na baraza kama kawaida yangu, nikasalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, mama."

"Mwakeye, mukwe. Mmefika?"

Hapa lazima nieleze kitu. Katika ukoo wa mke wangu, mkwe hamgusi mama mkwe wake. Tangu nioe sijawahi kumpa mkono. Namsalimia kwa mbali, macho chini, naye ananijibu akitazama pembeni. Hatukai mkeka mmoja wala hatuli sahani moja. Mwanzoni niliona kama wananitenga. Baadaye nikaelewa kwamba ile nafasi kati yetu ndiyo heshima yenyewe, nikaipenda.

Esta akamshika mama yake mkono, akamleta mpaka mlango wa mbele wa gari. Mama akapapasa bodi kutafuta pa kukanyaga. Akapapasa tena juu zaidi. Sakafu ya gari ilikuwa karibu na kiuno chake.

Mama ni mtu wa mwili, na magoti yake yamechoka. Mguu ulipanda kidogo, ukarudi chini.

"Ngazi iko wapi?" akauliza.

Esta akanitazama. Ngazi zilikuwa Kasulu, zimeegemea ukuta.

Wakaleta kigoda. Ardhi ilikuwa laini, mama aliposimama juu yake kikazama upande mmoja, akapiga kelele, akashuka. Wakasema basi wambebe. Mimi mwenye kubeba saruji kila siku ndiye niliyekuwa na nguvu kuliko wote pale, na ndiye pekee nisiyeruhusiwa hata kusogea. Nikaambiwa niende nyuma ya migomba nisije nikaona. Nikaenda, nikageukia bonde.

Nikamsikia Bukuru, "Moja, mbili, haya!" Kisha nikasikia mama analia.

Mtu asiyeona, wakuu, ukimnyanyua juu hajui utamwacha wapi. Alijikaza, akajipinda, akawaponyoka, ugoko ukajikwaruza kwenye chuma cha mlango. Niliporudi alikuwa ameketi chini, Esta anamfuta damu kwa ncha ya khanga.

Mzee mmoja jirani akasema iletwe ngobyi, ile machela ya kufuma ambayo Waha hubebea wagonjwa mabegani. Wanaume wanne wangeinua ngobyi yote mpaka ndani ya bodi la nyuma.

Mama akakataa, "Oya. Baba yenu aliondoka hapa kwa ngobyi, na sisi tukabaki. Mimi sipandi ngobyi."

Hakuna aliyembishia. Kwa wenyeji wale, anayetoka nyumbani kwa ngobyi mara nyingi ameshaagwa.

Akainuka mwenyewe, akashika ukuta, akawa anarudi ndani. "Basi wanangu," akasema, "mmehangaika vya kutosha. Niliyokwisha kuyaona yananitosha."

Aliyasema kwa upole tu, bila hasira. Ndiyo maana yalituumiza. Esta alifunika uso. Mimi nilisimama pembeni ya lile gari langu zuri, na kama ningeweza kulipiga makofi ningelipiga.

Niliwaza kulala chini nilegeze zile nati. Spana nilikuwa nayo. Lakini hata nikirudisha mbele kama zamani, bado ni juu kwake bila ngazi, na njiani lile tuta linatusubiri.

Wakati huo akapita mama mmoja jirani, Mama Butoyi, anatoka shambani, jembe begani. Akauliza kuna nini, akaelezwa. Akalitazama gari, akatazama matairi.

"Sasa kama gari halishuki," akasema, "si mchimbe?"

Akashusha jembe begani, akakata pande la udongo mbele ya tairi, palepale uani.

Tulimwelewa wote kwa mpigo. Mifereji miwili, upana wa tairi, kila mmoja una mteremko wa kushukia na mwingine wa kupandia. Gari litumbukie humo, matairi yawe chini, tumbo likaribie ardhi, mlango ulingane na miguu ya mama. Na udongo ulikuwa umelowa, unakatika kama ugali. Nyumba gani ya Muha haina majembe? Yakatoka manne, matano.

Bukuru akaniambia, "Shemeji, wewe pumzika, umetoka mbali."

Wakuu, mimi nimeoa kwa mahari ya fedha taslimu. Watu wa huku mtu akioa hulima ukweni, huonesha mikono yake. Mimi sikulima hata tuta moja. Nilikuja mtu wa pwani na shati langu, wakanipokea, hawakunisema. Kumgusa mama siruhusiwi. Lakini jembe?

Nikavua viatu, nikachukua jembe mkononi mwa Bukuru, nikaingia mfereji wa kushoto.

Nililima vibaya. Nalijua koleo la mchanga, jembe ni kitu kingine. Mara linazama sana, mara linaparaza juu. Watoto walicheka waziwazi, watu wazima walicheka kwa kukohoa.

Mama alikuwa hajaingia ndani. Alisimama mlangoni akisikiliza.

"Nani huyo analima namna hiyo?" akauliza. "Jembe linalia kama anagonga sufuria."

Esta akasema, "Ni mkwe wako, mama."

Mama akageuka. "Mukwe analima?"

"Analima."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mlango. Sikuwahi kumsikia akicheka tangu macho yaanze kuondoka. Akasema, "Si husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Huyu mbona tumemchelewesha!"

Ua mzima ulipasuka kwa vicheko, na mimi ndani ya mfereji nilikuwa nacheka na machozi yananitoka. Niliinama nikaendelea kulima wasinione.

Nikaliingiza gari kwenye mifereji taratibu. Likashuka, likashuka, mpaka kizingiti cha mlango kikawa si juu zaidi ya kile cha nyumba yake. Na hapo ndipo ule urefu wangu wa vidole vinne ukafaa kitu, maana gari la tumbo la chini lisingezama kiasi kile bila kukwama.

Mama akaletwa. Akapapasa kizingiti. Akasema kwa sauti, ili kila mtu asikie, "Mukwe amenilimia. Nitakataaje kwenda?"

Akanyanyua mguu, akaingia. Hakuna aliyemnyanyua. Akajitengenezea kitenge chake, akatoa rozari.

Nikaweka four wheel, namba moja, likapanda taratibu na kutoka. Mama Butoyi akapiga vigelegele, nikajiona nimeoa upya.

Njia nzima nilikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Kila "ko!" ya mbele, mama alijibu "Yezu wangu", na mimi moyoni nikajibu la kwangu. Tukafika hospitalini wakiwa bado wanapokea watu. Kesho yake, Ijumaa ileile, walimpasua jicho la kulia. Ndilo walilosema lina matumaini.

Jumamosi bandeji ikafunguliwa. Mimi nilibaki koridoni, kwa heshima. Nikasikia sauti ya mama, "Esta, mbona umekonda hivi? Huyo mkwe hakulishi?"

Nimewahi kusifiwa maishani, lakini sijawahi kusikia neno tamu kama lile.

Sasa somo, maana najua mafundi mmeshika kalamu.

Fundi wangu aliporudi kutoka Kibondo akalitazama gari, akanitazama mimi. Akanionesha kwamba nilikaza mpaka mikono ya juu ikawa inakalia vizuizi vyake. Tairi likiingia shimoni halina tena pa kushukia, ndiyo ile "ko!". Mipira ya eksele za mbele ilikuwa imejikunja vibaya, mmoja umeanza kuchanika na kutema grisi. Matairi yalikuwa yamepinda, yanajilia upande mmoja. Taa nazo zilikuwa zinamulika ndege.

Tukashusha mpaka vidole viwili, palepale Esta aliposema imetosha. Tukafanya alaimenti. Ngazi zikarudi mahali pake, na nimeapa haziondoki tena.

Kwa hiyo ndugu yangu unayetaka kunyanyua nyumbani: kazi inawezekana, wala si ngumu. Pima kabla, nenda sawa pande zote, ishia kidogo, kisha peleka alaimenti. Na kabla hujakaza nati, jiulize nani atapanda. Mimi nilipima barabara, nikapima tairi, nikapima bodi. Magoti ya mama sikuyapima, na safari yote ilikuwa yake.

Wenye magari ya torsion bar, semeni mliishia wapi na nini kilikatika. Na ninyi mliooa mbali na kwenu, msijifiche, tuambieni mlilimaje. Ila kabla hamjanishambulia, nimalizie hili moja.

Tulimrudisha nyumbani akiwa na miwani yake myeusi. Mvua ilikuwa imepumzika. Alishuka kwa ngazi, mguu mmoja baada ya mwingine, akakataa kushikwa mkono. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ile mifereji miwili katikati ya ua wake, akasimama, akainama, akaitazama kwa muda mrefu.

Akanyoosha kidole kwenye mfereji wa kushoto.

"Huu umepinda," akasema. "Huu ni wa mukwe."